Mnyama Aliyechorwa Juu ya Mbegu

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani. Ninalo jina la Jumbe na la baba yake, jina la askari, hata jina la ng'ombe aliyetupatia samli. Mzungu naye alikuwa na jina lake, nasi tulimpa letu. Siyaandiki. Wajukuu na vitukuu wao nakutana nao mnadani, na sitaki mtu aje mlangoni kwangu kuniuliza kwa nini nimemweka babu yake kwenye karatasi. Kuandika kwenyewe nimejifunza uzeeni, katika madarasa ya watu wazima, na mkono wangu unakwenda polepole kuliko yale ninayoyakumbuka. Basi unisubiri.

Ilikuwa zamani za Mjerumani. Reli yake ilikuwa imekwisha kupita Dodoma ikienda magharibi, nasi huku milimani Kondoa tuliijua tu kwa wanaume waliochukuliwa kwenda kuijenga. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nyumbani alituacha watu watatu: mama, mke mwenzake ambaye mimi nilimwita mama mdogo, na mimi mwenyewe, miaka kama tisa hivi.

Mama mdogo alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akitwanga, alicheka akichota maji, na kuku akianguka kutoka darini alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakuweza kumvumilia. Tulikaa tembe moja, lakini meko yalikuwa mawili na katikati ukuta, na ukuta ule mama aliukandika udongo kila mwezi kana kwamba kicheko kingepenya.

"Huyo alikuja hapa kucheka," alikuwa akisema, kwa sauti ya kufika upande wa pili. "Hakuja kulima."

Na upande wa pili ukajibu, "Nacheka nikilima, dada! Mkono na mdomo si kitu kimoja!"

Mwaka ule mvua ilikatika uwele ukiwa bado haujajaza masuke. Tulivuna kidogo sana. Na hata hicho kidogo, boma la Mjerumani likakitaka ili kuwalisha watu waliokuwa wakichimba barabara. Askari akaja kijijini na magunia, na Jumbe wetu mbele yake akimwonyesha nyumba. Jumbe alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa baba yangu, kwa hiyo mama alimwita shemeji. Mwezi uliotangulia alipeleka magunia pungufu bomani, na boma likamchapa kiboko. Aliporudi alikuwa akikalia upande mmoja, na sisi watu wa kijiji tulijifanya hatuoni, maana alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Basi safari hii hakupunguza. Niliona kwa macho yangu nyumba ya jirani, mama mmoja mjane, kibuyu chake cha mbegu kikimwagwa kwenye gunia.

"Hiyo ni mbegu!" yule mama alilia. "Hiyo si ya kula!"

Askari akatikisa kibuyu mpaka punje ya mwisho. "Watu wa barabara hawataitema."

Wewe unayenunua mbegu dukani huenda usielewe. Mbegu ya uwele mama aliichagua suke kwa suke, uwele ukiwa bado umesimama shambani. Aliyatundika masuke yale juu ya moshi wa meko yake, akayapura peke yake, akachanganya punje na majivu, akazifunga kwenye kibuyu. Kibuyu kimoja kilikuwa shamba moja. Kikienda, mvua inanyesha na wewe unaitazama tu, maana mwaka kama ule hakuna jirani mwenye cha kukugawia.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, karibu na mlima. Askari alisema atatufikia kesho yake au kesho kutwa. Mama aliposikia hivyo alipita kwenye ukuta wake, akaenda kwenye meko ya mama mdogo, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu harusi.

"Leta kibuyu chako," alimwambia.

"Kumbe leo umeniona na mimi nina tumbo?"

"Nimeona una shamba. Leta, nisije nikakulisha wewe mwakani."

Juu yetu kulikuwa na pango. Si pango la kuingia gizani. Ni jiwe kubwa lililoinama mbele kama paa la veranda, chini yake pakavu siku zote. Ukutani palikuwa na picha nyekundu za watu wembamba wenye vichwa vikubwa, na za swala, na twiga. Nani alizichora, hakuna aliyejua. Wazee walipanda pale mvua ilipokawia, wakaomba. Siku nyingine pango lilikuwa letu sisi watoto na mbuzi wetu.

Kwenye ukuta ule, usawa wa kifua cha mtu mzima, palikuwa na shimo la kuingiza mkono mpaka begani. Mama alivisukuma vibuyu viwili mle, chake kwanza, cha mama mdogo kikaja mbele. Akaziba kwa mawe madogo, halafu udongo uliokandwa na samadi, halafu akapaka majivu. Alikandika vizuri kama alivyokandika kila kitu. Lakini jiwe ni jiwe na udongo ni udongo. Tulirudi nyuma hatua kumi tukatazama, na pale mahali pakatutazama sisi.

"Kama kiraka kwenye kaniki," alisema mama mdogo, akaanza kucheka.

"Cheka. Askari akija tutacheka wote."

"Ngoja, dada. Ukuta huu wote una wanyama. Na hapa si tuweke mnyama?"

Alikuwa na ngeu nyumbani, ile nyekundu ya kujipaka, iliyobaki kwenye mambo ya harusi yake. Kesho yake udongo ulipokauka akaja nayo, ameikoroga na samli, na kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa kama brashi. Akachora. Mimi nilishika kibakuli. Mama alisimama mbele ya pango akiangalia njia, na kila mara akigeuka kutazama kazi.

"Huyo ni nini?"

"Tandala."

"Tandala gani ana nundu?"

"Amebeba mzigo wa reli, kama mume wetu."

Mama alikaza mdomo. Nilimwona anaukaza. Ilikuwa karibu acheke.

Pembe zilizosokotwa alizichora vizuri kweli, na miguu minne akaikimbiza. Mwisho kabisa akatia sikio, na kwenye sikio la kushoto akakata mapengo mawili madogo. Sikushangaa, na mama hakushangaa. Mapengo mawili sikio la kushoto yalikuwa alama ya ng'ombe wa ukoo wetu. Mtu wa kwetu hawezi kuchora mnyama akaliacha sikio zima. Sikio zima ni mnyama asiye na mwenyewe, wa kuokotwa. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Tandala wa porini, tukamtia alama ya zizi letu, tukashuka mlima tumeridhika.

Askari akaja. Akapekua tembe yote, akachoma fimbo kwenye majivu ya meko yote mawili, akachukua kihenge kizima cha chakula na kutuachia vibaba vya kuhesabika. Mbegu hakuiona. Mama mdogo alimsindikiza mpaka njiani kwa heshima nyingi, akarudi akijishika mbavu.

Tulidhani yameisha.

Siku chache baadaye yule askari akarudi, na safari hii amemleta Mzungu. Hakuwa Mzungu wa kodi. Alikuwa mwembamba, pua imebabuka kwa jua, kofia ya majani kichwani, na alisalimia watoto kabla ya wakubwa, kitu kilichotuchekesha. Wapagazi wake walibeba masanduku ambayo hawakuruhusiwa kuyatua kwa kishindo, maana ndani mlikuwa na vioo vya kunasia picha. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia mayai, lakini alikitumia chote. Alitaka mawe yenye picha. Alisema ana sanduku linalonakili kitu chochote lilichokitazama, na kwao kuna watu wanaotaka kuona mawe ya huku.

Jumbe akaja kwetu kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na mlima.

"Shikamoo, shemeji," alisema mama.

"Marahaba. Mnatakiwa mpeleke maji pangoni. Mitungi miwili."

"Maji? Juu ya jiwe? Ya nini?"

"Mzungu anaziosha picha. Anasema zikilowa zinaonekana, zikikauka haziingii kwenye kioo."

Mama alikuwa ameshika ngata ya kutilia mtungi kichwani. Aliiangalia kama kitu asichokijua. Jumbe alikwisha kuondoka, hakumwona.

Basi fikiria. Maji ya kuuyeyusha udongo wetu tuliyachota sisi wenyewe kijitoni, tukayapandisha mlima sisi wenyewe, vichwani mwetu. Mimi nilikuwa na kibuyu cha maji. Mama mdogo alikuwa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akicheka.

"Dada," alinong'ona, "nijikwae?"

"Ukijikwaa watakurudisha kijitoni, basi."

Akajikwaa hata hivyo. Mtungi haukuvunjika, lakini nusu ya maji ikaenda. Askari alikuwa amekaa juu ya jiwe la njiani anatafuna muwa.

"We bibi," alisema, "mume wako hakukufundisha kutembea?"

"Mume wangu mmemchukua. Mrudisheni anifundishe."

"Akirudi atakukuta umemwaga kijito kizima."

"Na wewe akirudi atakukuta bado unatafuna muwa wetu. Umelipia huo?"

Wapagazi wakacheka. Askari naye akacheka, akatema makapi, akatufuata nyuma. Tulitaka abaki pale pale. Hakubaki.

Pangoni Mzungu alikuwa amekwisha kusimamisha sanduku lake juu ya miguu mitatu, na kitambaa cheusi kimelifunika. Nje kwenye jua wapagazi wawili walishika shuka jeupe la kitanda chake, wakaligeuza huku na huku, na mwanga ukaruka kutoka kwenye shuka ukaingia mpaka ndani kabisa. Sijawahi kuliona pango lile lina mwanga vile, si kabla wala baadaye. Mpagazi mwingine alichota maji kwa kata, akayatupa ukutani. Na kweli, watu wembamba waliokuwa wamefifia miaka yote wakatoka kwenye jiwe, wekundu, kama waliokuwa wamelala wakaitwa. Kwa hofu yote niliyokuwa nayo, nilifurahi. Mzungu alipiga ulimi, akaingiza kichwa kwenye kitambaa, akatoa, akabadilisha kioo, akasogea hatua mbili. Maji tena. Hatua mbili tena. Alikuwa anakuja upande wetu.

Alipofika mbele ya tandala wa mama mdogo, akanyamaza. Akavua kofia.

"Huyu," alisema. "Huyu mzuri sana. Huyu mzee sana."

Mama mdogo akauma ncha ya kaniki yake. Nilijua anazuia nini, na nilimwomba Mungu amsaidie.

Mpagazi akatupa kata ya kwanza. Ngeu ilikuwa na samli, kwa hiyo maji hayakuishika. Yaliteleza juu ya tandala kwa matone matone, naye akang'aa kama amepakwa mafuta asubuhi ile. Lakini udongo uliomzunguka ulikunywa. Ulikunywa ukawa mweusi, na ule weusi ukasimama mviringo kamili, kama mfuniko wa chungu. Chini yake tone la tope likaanza kushuka polepole. Na maji mengine, ambayo hatukuyaona, yalipita ndani.

Askari alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Mpagazi akainama kuchota kata ya pili.

Hapo Jumbe, aliyekuwa ameegemea jiwe kwa sababu bado hakuweza kukaa vizuri, akasogea. Alimtazama yule mnyama tangu pembe. Nilimwona macho yake yakifika kwenye sikio, yakasimama pale. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa na mapengo mawili sikio la kushoto. Tulikuwa ukoo mmoja. Halafu akageuka akamtazama mama yangu.

  Mama hakumkonyeza, hakumtikisia kichwa, hakufanya chochote. Alimtazama tu, naye Jumbe alikuwa na mgongo uliochapwa kwa ajili ya magunia pungufu, na ya safari hii yalikuwa bado pungufu.

"Bwana," Jumbe alimwambia Mzungu, "basi. Huyu haoshwi."

"Kwa nini?"

"Mbona wale wameoshwa?" askari akaingilia.

"Wale ni wadogo. Huyu ndiye mkubwa wao. Wazee wanamwomba mvua. Akinyweshwa maji na mgeni, mvua inamfuata mgeni. Itakwenda Ulaya, sisi tubaki na vumbi."

Nilikuwa nimekulia chini ya pango lile na sikuwa nimesikia maneno hayo hata siku moja. Jumbe aliyatoa palepale, na uso wake mkavu.

Mzungu akacheka, lakini si kwa dharau. "Ulaya ina mvua nyingi," alisema. "Hatutaki yenu." Akamwambia mpagazi aweke kata chini.

Halafu akataka mtu asimame karibu na picha, ili watu wa kwao wajue mnyama ana ukubwa gani. Akamwashiria mama asimame upande wa kulia. Mama akaenda akasimama kushoto, palepale tope lilipokuwa likishuka, akaliegemea kwa bega. Mzungu akamwashiria kulia. Mama akatazama mkono wa Mzungu kama anayetazama ndege akipita. Akamwashiria tena. Mama akabaki palepale.

"Mwache hapo hapo, Bwana," alisema Jumbe, amechoka. "Ni mkaidi tangu alipoolewa."

Kabla ya kutia kioo, Mzungu aliniona nachungulia, akanyanyua kitambaa cheusi, akaniita niangalie. Niliingia. Mama alikuwa amesimama kichwa chini miguu juu, mdogo kama kidole, na tandala anakimbia juu ya mgongo wake. Na kulikuwa na ule mviringo. Nusu yake mama alikuwa ameufunika kwa bega, lakini nusu iliyobaki ilionekana kwenye kioo wazi kuliko nilivyokuwa nimeuona kwa macho, ukingo wake na alama za vidole vya mama alipobana udongo. Nikatoka kwenye kitambaa. Mzungu akaniangalia, akanishika kichwa kidogo, akaingia yeye.

Kama niliuona mimi, mtoto wa miaka tisa, yeye hakuuona? Kazi yake ilikuwa kutazama. Nimejiuliza hili maisha yangu yote. Ninachojua ni kwamba alihesabu polepole kwa lugha yake, akafunga sanduku, akamwambia mama ahsante, na kwa askari hakusema neno.

Kioo kile sijui kiko wapi. Kama hakikuvunjika, labda watu wasomi wanamtazama tandala wetu mpaka leo, na pembeni mwanamke amesimama amekaza uso. Watasema aliogopa sanduku. Hakuogopa sanduku.

Tulipokuwa tunashuka, nikajua kwamba hatujaokoka bado. Mzungu alisimama njiani akamwambia Jumbe, mbele ya askari:

"Yule mkubwa, mtu asimguse. Mimi nitarudi baada ya mvua, na sanduku kubwa zaidi. Nikimkosa, nitakuuliza wewe."

"Umesikia?" askari alimwambia Jumbe. "Wewe."

"Nimesikia," alisema Jumbe.

Basi tukakaa. Mbegu yetu ilikuwa salama kuliko mbegu yoyote katika nchi, na sisi hatukuweza kuigusa. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki. Mvua ya kwanza ikanyesha mchana mmoja mpaka jioni, ardhi ikanuka, na asubuhi kila aliyekuwa na punje yake alikuwa shambani. Ile ya kwanza ndiyo ya kupandia uwele. Ukikosa juma lile, unapanda majani ya mbuzi.

Mama mdogo alikwisha kushika jembe dogo. "Napanda juu. Navunja."

"Hutavunja."

"Dada! Tumeficha ili tule kwa macho?"

"Ukivunja, nani atachapwa? Wewe? Mimi? Ule mgongo wa shemeji ulitufunika siku ile. Leo tuupeleke tena bomani?"

"Na tusipopanda tutakula nini, huruma yako?"

"Usinitukane mbele ya mtoto."

"Sikutukani. Nakuuliza!"

Walikuwa wamesimama uani wanatazamana, majembe mikononi, nami katikati nalia, ndipo tukasikia hodi. Jumbe alikuwa kwenye njia ya mbuzi, jembe begani, miguu ina tope jipya la shambani kwake.

"Nawasikia mpaka chini huko," alisema. "Wenzenu wanafukia, nyinyi mnapigana. Mnangoja nini?"

Mama akashusha macho. "Picha, shemeji."

"Ile nitamwambia mvua imeiosha."

"Pangoni mvua haiingii."

"Yeye hajui mvua yetu inaingia wapi."

"Askari anajua."

 Jumbe akaweka jembe chini, akaliegemea. Kisha akataja nyumba zile alizomwonyesha askari, moja baada ya nyingine, kwa majina ya wanawake wenyewe. Zilikuwa saba. Yule mama mjane alikuwa wa nne. Aliyataja bila kusita, na mimi nikayashika, ndiyo maana ninayo mpaka leo.

"Hao wote mbegu yao nimeimwagisha kwa mkono huu," alisema. "Leo nimepita mashambani mwao. Wamekaa tu. Ya nane siiwezi. Wakinichapa, mgongo ni wangu."

 Mama mdogo akashusha jembe lake.

"Shemeji, nitakuchorea mwingine palepale. Mzuri zaidi."

"Hapana!" Jumbe aliruka kana kwamba amekanyaga kaa la moto. "Usinichoree kitu chochote. Huyo wako mmoja amenizeesha. Tandala mwenye alama ya zizi! Nilidhani nitakufa palepale."

Ndipo mama alipocheka. Nilikuwa sijui mama anacheka vipi. Alicheka kwa pua, amejiziba mdomo kwa kiganja chenye tope, na mama mdogo akamtazama kama aliyeona jiwe likitembea.

Tulipanda mlima wote wanne. Jumbe mwenyewe ndiye aliyepiga jembe la kwanza, kwenye shingo ya tandala, ili aweze kusema ni yeye. Udongo ukaanguka vipande, na pembe zikaanguka nzima. Mama akaingiza mkono.

Kibuyu kilichotoka kwanza kilikuwa cha mama mdogo, kile cha mbele. Kabla hatujakifungua tulikisikia kwa pua. Yale maji ya kata moja yalikuwa yamepita kwenye udongo yakakiingia. Ndani uwele ulikuwa umeshikamana, umeota nyuzi nyeupe, umechacha kama togwa. Mama akatia mkono tena, mpaka begani, akatoa cha kwake. Alikitikisa. Kilisema kama mvua kwenye majani makavu.

Mama mdogo akakaa chini na kibuyu chake mapajani. Hakulia. Aliingiza vidole mle ndani akawa anapekua, akitafuta hata punje moja kavu, akizitupa, akipekua.

"Kipeleke nyumbani tuoshee vyombo," mama alimwambia. "Inuka."

"Mimi sina shamba mwaka huu, dada."

"Inuka, jua linapanda."

Shambani mama alimwaga mbegu yake kwenye ungo. Akaigawa kwa viganja, kimoja huku, kimoja huko, bila kuangalia kipi kimejaa kuliko kingine. Mama mdogo alimzuia mkono.

"Haitatosha mashamba mawili. Unajua haitatosha."

"Itatosha moja. Utapanda kutoka ule mwisho, mimi kutoka huu."

Siku zote tulitia punje nyingi katika shimo moja, kiganja kisichopimwa, kisha tukang'oa zilizozidi. Mwaka ule mama aliniita akanionyesha kwa vidole. "Punje tatu. Ukitia nne nitakuona." Yeye alichimba kwa jembe kutoka upande wa njia, mama mdogo kutoka upande wa kijito, mimi nikikimbia kati yao na ungo, nikitia tatu, nikifukia kwa unyayo. Jumbe alikwenda zake. Na yule Mzungu, niseme hapa hapa, hakurudi. Vita vilikuja kabla yake, na bomani wakawa na mengine ya kuuliza.

Jioni wale wawili wakakutana katikati ya shamba, mgongo kwa mgongo, wakagongana makalio. Mama mdogo akasema kitu sikukisikia. Mama akamwambia anyamaze, bado kuna mistari minne. Wakaipanda ile minne pamoja, na ungo ulipobaki na majivu matupu mama aliukung'uta juu ya shimo la mwisho, akalifukia yeye mwenyewe.